Boti ni ya Kapteni, Mbwa ni Wako

Swali la kwanza utakaloulizwa ukifika ufuoni na mbwa ni la pesa: na huyu naye analipa? Wengi wetu tunaotoka Nairobi hulicheka, tukidhani kapteni anatania au anatafuta cha juu. Mimi hulijibu upesi: ndiyo, analipa, kama mtoto. Mbwa akishalipiwa amekuwa abiria. Uzito wake unahesabiwa, anapangiwa pa kukaa, na kapteni anajua kwamba ana roho moja zaidi ya kuchunga. Asipolipiwa ni mzigo, na mzigo huwekwa palipobaki nafasi: ama mbele kabisa ambako boti hudunda kuliko kwingine, ama nyuma kando ya tangi la petroli na injini inayochoma.

Abiria wangu anaitwa Bosco. Mama yake alikuwa mbwa wa kienyeji wa Githurai, baba yake inadaiwa alikuwa Labrador, na kwa daktari mizani husoma kilo 27. Tunaishi Kahawa Sukari, nyuma ya geti lenye bango la Mbwa Kali ambalo lilikuwepo kabla yetu na ambalo Bosco hajawahi kulitendea haki. Anapenda maji. Mvua ikinyesha analala nje kwenye dimbwi. Kwa hiyo wazo la kumpeleka ziwani halikuwa la ajabu nyumbani kwetu. La ajabu lilikuwa kwa majirani.

Nairobi yenyewe haina maji ya kumfaa. Kule Lang'ata kuna Nairobi Dam, iliyojengwa 1953, na wazee husimulia kwamba watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga pale wikendi. Siku hizi magugu na taka vimeifunika kiasi kwamba mgeni anaweza kupita asijue kuna maji chini. Vile viboti vya kukanyaga vya kwenye bustani na mabwawa ya starehe navyo ni vya wapenzi na watoto: viti viwili vya plastiki, miguu yako inazungusha pedali, na mbwa hana hata pa kuweka makalio. Basi sisi huenda Naivasha, kilomita 90 hivi kutoka mjini, tukiwa na gari letu. Matatu usijaribu. Makanga atakuuliza mbwa atakaa kwa nani, na kwa kweli hana kosa.

Safari ya boti kwa mbwa huanzia kwenye simu. Naivasha kuna boti za hoteli na kuna boti za fuo za umma kama Kamere na Karagita. Hotelini utapata sheria iliyoandikwa, na mara nyingi inasema hapana. Usibishane na mtu wa mapokezi, hakuiandika yeye. Kwenye fuo za umma ni maelewano, ndiyo maana ni vizuri kuelewana mapema, wakati kapteni bado anaweza kukataa bila aibu. Ukimtokea tu na mbwa huku umeshateremka garini na watoto wameshavaa kofia, anaweza kukubali shingo upande. Sipendi kumpakia mbwa kwenye boti ya mtu aliyekubali hivyo, maana jambo likiharibika katikati ya ziwa, maamuzi yote ni yake, na nataka ayafanye akiwa upande wetu.

Kwenye simu namwambia ukweli wote: mbwa ni mkubwa kiasi gani, hubweka akiona nini, ameshapanda boti au la. Halafu namwacha yeye ataje hofu zake. Kapteni ninayemtumia sasa, kijana mpole anayeniita Mama Bosco, alitaja tatu. Manyoya yatakayowakera wateja wa saa nne. Kucha zitakazochuna rangi ya faiba. Na viboko. Kuhusu viboko nitarudi. Hayo mawili ya kwanza yanamalizwa na kucha zilizokatwa siku mbili kabla, shuka kuukuu la kutandika, na pesa kidogo kwa yule kijana wa ufuoni anayeosha boti. Hizo pesa nazitoa kabla hatujaondoka, si baada ya kurudi, ili kapteni asikae safari nzima akihesabu manyoya.

Kuna aliyenikatalia, na alinifundisha zaidi ya waliokubali. Tulikuwa Kilifi, nikamwendea mzee mmoja mwenye mashua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Naomba kukodi chombo asubuhi, lakini nina mbwa."

Akamtazama Bosco aliyelala chini ya mwembe, akatabasamu. "Mbwa la, mwanangu. Humu ndimo ninamosalia."

Kwa Waislamu wa pwani yetu, ambao wengi wanafuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi nzito. Chombo kikiguswa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Hebu fikiria kuosha mashua nzima mara saba kabla ya Adhuhuri kwa sababu ya mgeni wa saa moja. Mzee hakununa, wala mimi. Alinielekeza kwa kapteni mwingine mbele kidogo, kisha akaniuliza nyumbani nafuga nini tena. Nikamwambia paka. "Paka hana neno," akasema, "mlete huyo."

Tangu siku hiyo, nikiwa pwani, nauliza nikiwa nimemwacha Bosco garini na mwenzangu. Mtu apate nafasi ya kusema hapana kwa maneno, asilazimike kurudi nyuma hatua tatu akishika kanzu yake.

Abiria wenzako nao ni jambo. Huku mjini mbwa kwa watu wengi ni mlinzi wa usiku na bango la getini, si kitu cha kukaa nacho goti kwa goti. Wifi yangu amekulia Eastlands ambako mbwa wa mtaa walimkimbiza akienda dukani, na hofu yake haiondoki kwa kuambiwa "hakuumi huyo". Kwenye nyasi anaweza kusogea. Kwenye boti yenye upana wa mita moja na nusu hakuna kusogea, na mtu mzima akisimama ghafla kwa woga ndiye anayeweza kuipindua boti, si mbwa. Basi mimi na wifi tuna mpango wetu: safari ya mbwa na safari ya wifi ni safari mbili tofauti. Ni ghali zaidi, na inafaa kila shilingi.

Kadi ya chanjo inakaa kwenye mkoba wangu pamoja na kitambulisho. Leseni ya mbwa ya kaunti ninayo pia, ingawa kusema kweli ufuoni hakuna aliyewahi kuiulizia. Kadi ndiyo huulizwa. Kapteni wetu aliwahi kung'atwa na mbwa wa ufuoni na anazikumbuka sindano zake moja moja. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu hakina tiba, kwa hiyo nahakikisha chanjo ya kila mwaka haijapitwa. Na ikitokea mbwa wangu au wa mwingine akamng'ata mtu, ni sabuni na maji yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama kidonda ni kama mchubuko wa mwiba.

Mbwa wa ufuoni wanastahili neno lao. Palipo na wavuvi pana matumbo ya samaki, na palipo na matumbo ya samaki pana mbwa kadhaa wenye makovu usoni, pamoja na wale korongo wakubwa wa majalalani wanaosimama kama makarani wa mahakama. Mbwa wako wa geti atafika pale amechangamka na mkia juu, na wao wataiona hiyo kama dharau. Kutoka garini hadi kwenye boti namshika Bosco kamba fupi, kichwa chake kando ya goti langu, na hatusimami kusalimiana. Chini napo natazama. Ndoana zilizotupwa zikiwa bado na kichwa cha samaki ni hatari niliyoiona kwa mbwa wa mtu mwingine, na kuchomoa ndoana mdomoni mwa mbwa mwenye maumivu si kazi ya mikono mitupu.

Mafunzo tuliyafanya nyumbani, kwenye varanda. Nilinunua sokoni Gikomba kipande cha mkeka wa mpira, ule mzito wenye matuta, wa kutosha mbwa kujilaza. Kila jioni Bosco alilishwa omena, wale dagaa wakavu, juu ya mkeka huo, na akitoka nje ya mkeka omena zinakoma. Wiki zikapita mpaka ikawa nikiutupa mahali popote, jikoni, kibarazani, kwenye gari, anaukimbilia na kujilaza akisubiri mshahara. Omena zinanuka mkononi, lakini hakuna biskuti ya dukani inayoshindana nazo. Mkeka huohuo ndio unaoingia kwenye boti. Sakafu ya faiba ikishalowa inateleza, mbwa anapanua miguu yote minne, kucha zinakwaruza kutafuta pa kushika, na hapo ndipo hofu inapoanza. Watu hudhani mbwa anaogopa maji. Bosco aliogopa sakafu. Alipowekewa mkeka wake alishusha pumzi, akazunguka mara moja, akajilaza.

Mambo mengine ya siku ya kwanza ni ya kumwomba kapteni. Namwomba mbwa apande boti ikiwa imefungwa, injini haijawashwa, akae kidogo, ateremke, apande tena. Ndipo injini iwashwe tukiwa bado tumefungwa. Ule mtetemo unapanda kwenye miguu ya mbwa kabla sauti haijamshtua, na ni afadhali aujue akiwa hatua moja kutoka nchi kavu. Kapteni mwenye haraka hatakubali hili. Huyo tunamshukuru na kutafuta mwingine.

Jaketi la kuokoa maisha la mtoto halimfai mbwa, hata kapteni akilitoa kwa moyo safi. Limetengenezwa kumgeuza mtu alale chali, na mbwa akiwa majini linampanda hadi masikioni. La mbwa hufungwa chini ya tumbo na kifuani, na lina mpini mgongoni kama wa begi. Huo mpini ndio muhimu kuliko povu lenyewe, kwa sababu mbwa anaweza kuogelea lakini hawezi kupanda boti. Ubavu wa boti ni laini, hakuna pa kushika, atazunguka mpaka achoke. Nilijaribu la Bosco kwenye bwawa la kuogelea la rafiki kabla ya kuliamini ziwani: nikamwinua kwa mpini mara kadhaa nione kama mishono inalia na kama mikono yangu inauweza uzito wake akiwa amelowa. Ikiwa huwezi kumwinua mbwa wako kwenye bwawa tulivu, ziwani utamwinuaje?

Kamba haifungwi kwenye boti. Nimewaona watu wakimfunga mbwa kwenye chuma cha kiti ili wapige picha kwa raha. Boti ikipinduka atakwenda nayo. Kamba inakaa mkononi mwangu, imeunganishwa na mkanda wa kifuani na si kola ya shingoni, na sijizungushii kiganjani.

Asubuhi ndiyo saa yetu. Naivasha saa moja na nusu ziwa limelala. Ikifika alasiri upepo unaamka na mawimbi yanaanza kupiga ubavuni, na mbwa aliyekuwa ametulia anaanza kulamba midomo, kupiga miayo na kudondosha mate. Hizo ndizo dalili za kichefuchefu, na matapishi hufuata. Chakula cha mwisho cha Bosco huwa jioni ya siku iliyotangulia, kwa sababu kabla ya mawimbi kuna zile kona za kushuka Mai Mahiu. Husimama chini ya mteremko, karibu na kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942, anyooshe miguu na kukojoa, kwenye nyasi za ng'ambo ya barabara. Mbwa anayetapika sana apewe dawa na daktari wa wanyama. Vidonge vya binadamu usivicheze: ibuprofen inaharibu tumbo na figo za mbwa, na paracetamol inaua paka.

Kuhusu viboko sasa. Naivasha haina mamba kama Baringo, na watu wakisikia hivyo wanalegea. Kiboko ana tani moja na nusu au zaidi, anakaa chini ya maji dakika tano hivi, na anatokea pale ambapo hukumtegemea. Anachokichukia ni kufungiwa njia ya kwenda kwenye kina. Kapteni mzuri anajua kundi lipi limelala wapi wiki hii, anapita kwa upande wa ziwa na si kati yao na maji mengi, na anakaa mbali. Sasa ongeza mbwa anayebweka. Bosco aliona masikio mawili madogo yakizunguka na kunyunyiza maji, akasimama juu ya mkeka, manyoya ya mgongo yakainuka, akatoa ule mngurumo wa chini wa getini. Kapteni hakusema neno. Aligeuza boti taratibu, akaenda hadi masikio yale yakawa nukta, ndipo akaniambia kwamba Bosco akibweka pale wiki hii, wiki ijayo yeye kapteni atakuja na wazungu saba na kundi litakuwa bado limekasirika. Sina hakika viboko wanaweka kinyongo wiki nzima, lakini boti ni yake na mkate ni wake. Makubaliano yetu sasa ni kwamba tukiwa na Bosco viboko tunawaona kwa darubini.

Vilevile kisiwani na mbugani hatushuki. Hell's Gate iko hapohapo karibu, ni hifadhi ya KWS, shirika la wanyamapori la serikali, na mbwa haruhusiwi. Hata mahali pasipo na askari wa kukuzuia, penye swara na twiga wanaotembea huru mbwa hana kazi. Anayetaka kutembea mbugani amwache mbwa nyumbani siku hiyo.

Kitu kilichonishangaza kuliko viboko ni gugu maji. Linaelea kwa mashuka makubwa ya kijani, na upepo unalisukuma huku na huku, kiasi kwamba asubuhi pana maji na mchana pana "shamba". Mbwa haoni maji pale. Anaona nyasi. Tulipopita kando ya shuka moja, Bosco aliyekuwa hatingishiki kwa mawimbi aliinuka kwa adabu kabisa na kunyoosha mguu ateremke matembezini. Kamba ilimrudisha. Angeingia, jaketi lingemshika juu lakini mizizi ile mirefu ingemsokota miguu, na propela haipiti humo. Siku hizi tukikaribia gugu namkalisha katikati na kumpa omena moja moja mpaka tulipite.

Kando ya ufuo nako simruhusu kuogelea. Ziwa lilifura tangu 2020, likameza bustani, gati na nyua za watu. Ile migunga iliyokufa inayosimama majini unaiona. Seng'enge na nguzo zilizo chini yake huzioni. Gati za mbao nazo zina nafasi kati ya ubao na ubao ambamo mguu wa mbwa huzama hadi kwenye kiwiko, basi hapo nambeba kwa mpini, nikionekana kituko, na watoto wa ufuoni hufurahi.

Samaki ndiye aliyetupa kisa. Makapteni wa Naivasha wana onyesho lao wanalolipenda: hununua samaki mdogo kwa mvuvi, humchomeka kipande cha bua la mafunjo mdomoni ili aelee, hupiga mluzi mrefu huku wamemwinua juu, na furukombe, yule tai mla samaki mwenye kichwa cheupe, hushuka kutoka kwenye mti na kumnyakua. Ni tamasha la kweli. Kapteni alipiga mluzi, Bosco akainua kichwa, maana mluzi ni wake. Kapteni akainua samaki, Bosco akakaa wima, maana mkono ulioinua samaki ni mkono wa mshahara. Samaki akarushwa. Nilisikia kamba ikinipita kiganjani, kifua cha mbwa kikagonga ubavu wa boti, miguu ya mbele ikawa ziwani na ya nyuma hewani. Kapteni alikuwa ameshazima injini tangu mwanzo wa mluzi, kama wafanyavyo wote ili picha zisitingishike, na nashukuru kwa hizo picha. Alinyoosha mkono mmoja, akakamata mpini wa jaketi na kumrudisha ndani kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Juu yetu tai alipita na samaki wake.

"Mama Bosco," akasema akijifuta maji usoni, "huyu ni mvuvi asiye na leseni."

Hatukuliacha onyesho, ni zuri mno. Tulibadili utaratibu: tunakubaliana upande, namgeuza Bosco atazame upande wa pili, namlisha kiganjani, ndipo mluzi upigwe. Na mbwa akiwa majini kwa sababu yoyote ile, injini inazimwa kabla mtu hajasema neno lingine. Hilo kapteni alilisema yeye mwenyewe, na ndilo nililitaka kulisikia.

Malkia, paka wetu, tulimpandisha mara moja tu. Alikaa ndani ya kikapu chenye kifuniko, kikapu juu ya mkeka, shuka juu ya kikapu, na alilia kwa sauti moja kutoka gati hadi gati. Kuna paka wa vyomboni wasiojali chochote, Lamu wamejaa. Malkia si mmoja wao. Anayetaka kumpeleka wake asimtoe kikapuni boti ikitembea, hata akionekana mpole, na achague kikapu kinachofunguka kwa juu, kwa sababu paka aliyeogopa hatoki kwa mlango wa mbele.

Maji ya kunywa tunabeba ya nyumbani, lita mbili na bakuli. Ziwa lina nyakati ambapo linakuwa kijani kama rangi iliyomwagika, hasa pembeni ambako upepo umekusanya utando. Hao ni vijidudu wa kijanikibluu, na baadhi yao wana sumu ya kuharibu ini; mbwa huipata kwa kunywa na pia kwa kujilamba manyoya baadaye. Nikiuona utando huo, hata mguu wake hauguswi na maji. Mbwa akitapika, akayumba au akatetemeka baada ya kuyanywa, si suala la kusubiri kesho. Namba ya daktari wa wanyama wa Naivasha mjini ninayo kwenye simu kabla hatujaondoka Kahawa, kwa sababu wa Nairobi yuko mwendo wa saa mbili.

Kinyesi hubebwa. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017 mimi hutumia gazeti la jana na bahasha ya kaki, ndani ya kopo lenye kifuniko. Saa moja ya boti ndiyo kikomo chetu, na kabla yake Bosco hutembezwa mpaka amalize shughuli zake zote. Jua nalo, ingawa hewa ya kule juu ni baridi, linapiga mara mbili, kutoka juu na kutoka majini, na jaketi ni joto. Akianza kuhema ulimi ukiwa nje wote na kutafuta kivuli cha miguu yangu, namwambia kapteni turudi, hata kama saa haijaisha. Pesa sidai.

Tukirudi gatini namwagia maji safi ya dumu mwili mzima, nayakausha masikio yake kwa kitambaa hadi ndani panapofikika, maana masikio ya kulala yakibaki na maji huoza kwa siku chache. Kisha kupe. Nyasi za kando ya ziwa zinalishiwa ng'ombe mchana na viboko usiku, na kupe hawabagui. Hukaa nyuma ya sikio, kwapani, chini ya mkia, na kati ya vidole ambako watu hawatazami. Huwa namkagua palepale kwenye buti la gari, kwa kibano, kabla hajalala kwenye kiti cha nyuma.